Ngazi ya Maziwa: Safari kwa Miguu Hadi Maziwa ya Juu ya Mlima Kenya

(Maneno ya hotuba)

Watu wengi waishio pande za Chuka, Embu, Nyeri na Nanyuki huuona Mlima Kenya kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Huviona vilele vyake vya mawe, na huuona weupe mdogo wa barafu iliyosalia. Lakini walio wengi hawajapata kuona kwamba katikati ya msitu na vilele vile yamo maziwa mengi madogo, yenye maji baridi na maangavu, yaliyojificha ndani ya mabonde. Kutoka mashambani hayaonekani hata kidogo. Mwenye kutaka kuyaona hana budi kwenda kwa miguu, shanta mgongoni, na kulala njiani siku kadhaa.

Hotuba hii yahusu safari hiyo, kwa njia ya upande wa mashariki inayoanzia Chogoria. Neno lake kubwa ni moja. Maziwa ya njia hiyo yamekaa kama vidato vya ngazi, kimoja juu ya kingine. Apandaye kidato kwa kidato hufika akarudi kwao salama. Arukaye vidato huweza kuupoteza uhai wake.

Jinsi maziwa yalivyofanyika

Mlima Kenya ni mlima wa moto uliozimika zamani za kale, mamilioni ya miaka iliyopita. Vilele vyake ni kama kiini cha mawe magumu kilichobaki baada ya ganda la nje kulika. Hapo kale barafu nyingi ililala juu ya mlima wote wa juu, nayo ilishuka mabondeni polepole kama mto, ikikwangua mawe na kusukuma kifusi mbele yake. Hali ya nchi ilipopata joto barafu ikayeyuka, ikaacha mashimo yaliyochimbwa katika mwamba, na matuta ya mawe na udongo yaliyoziba mabonde. Maji yakajaa humo, na hayo ndiyo maziwa yaonekanayo leo. Mwaka 1893 mtaalamu wa mawe, J. W. Gregory, alizitambua alama za barafu hiyo chini sana kuliko mahali ilipokuwapo siku zake, akaeleza kwamba zamani ilikuwa kubwa mno.

Waliotangulia

Wenyeji waliujua mlima huu tangu zamani. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na wazee wao waliomba wakiuelekea, kwa kuwa waliuhesabu kuwa makao ya Ngai. Waembu na Wameru nao waliuheshimu vivyo hivyo. Wawindaji na warina asali waliingia msituni na kuzijua njia zake.

Wageni walikuja baadaye. Mwaka 1849 mmisionari Krapf aliuona kutoka Ukambani, lakini huko Ulaya wengi hawakuamini kwamba pana barafu karibu na ikweta. Mwaka 1887 Teleki alipita msituni akafika nyika za juu. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, alifika kilele cha Batian, chenye mita 5,199.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba Mackinder hakufika peke yake chini ya mlima. Msafara wake ulikuwa na wapagazi wa Kiswahili zaidi ya 60, Wakikuyu zaidi ya 90, na viongozi 2 wa Kimasai. Vitabu vimeyaandika sana majina ya watatu waliofika kileleni, na majina ya wapagazi kidogo sana. Watu hao wa pwani, waliozoea joto la minazi, walipelekwa katika nchi ya baridi, na chakula cha msafara kilipungua mno. Mwenye kwenda mlimani leo na amkumbuke mtu anayemchukulia mzigo. Mchukuzi naye anaona baridi, naye anaumwa kichwa kama mwingine yeyote. Yampasa awe na koti, viatu, blanketi na chakula cha kutosha kabla ya safari kuanza.

Vidato vya ngazi

Kidato cha kwanza ni lango la Hifadhi ya Taifa, kama mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mji wa Chogoria njia hupita kwanza katika mashamba ya chai na migomba, kisha katika msitu mkubwa, kisha katika mianzi. Humo mna tembo na nyati. Haifai kupita msituni usiku, wala kupita bila kiongozi anayeijua njia. Langoni wasafiri huandikisha majina yao na kulipa ada. Jambo hili lisidharauliwe, kwa maana asiyeandikwa hatafutwi apoteapo. Usiku wa kwanza hulaliwa hapo.

Kidato cha pili ni Ziwa Ellis, karibu mita 3,500. Msafiri huiacha miti mikubwa na kuingia penye vichaka, kisha penye majani marefu yaotayo mafungu mafungu katika ardhi ya majimaji. Mwendo wake si mrefu kwa mtu mwenye afya, na kwa sababu hiyo wengi hutamani kuendelea mbele siku hiyo hiyo. Wasiendelee. Mapafu na damu vinahitaji usiku mmoja hapa, ijapokuwa miguu bado ina nguvu.

Kidato cha tatu ni Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000, lililo ndani ya bonde refu liitwalo Gorges. Bonde hili lilichimbwa na barafu, na kuta zake ni za mwamba mtupu. Upande mmoja wa ziwa umesimama ukuta mkubwa uitwao Temple, wenye kimo cha kiasi cha mita 300. Mto Nithi hutoka katika bonde hili, hushuka kwa maporomoko, na huenda kunywesha nchi iliyopewa jina lake, yaani Tharaka-Nithi.

Kidato cha nne ni maziwa madogo ya Hall, kama mita 4,300, yaliyo juu ya ukuta ule ule. Kutoka ukingoni Ziwa Michaelson huonekana chini sana kama kipande cha kioo. Hapa mtu na awe mwangalifu: pakiwa na ukungu asisogee ukingoni hata hatua moja, kwa kuwa mwamba hukatika ghafula.

Ajabu ya vidato hivi ni kwamba vimepimwa kama kwa makusudi. Waganga wa ugonjwa wa mlima husema kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kila siku, na kwamba baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima mahali pamoja. Kutoka langoni hadi Ellis ni kiasi cha mita 550. Kutoka Ellis hadi Michaelson ni 500. Kutoka Michaelson hadi Hall ni 300. Mwenye kulala katika kila kidato, na kupumzika siku moja katikati, huwa ameifuata kanuni hiyo karibu sawasawa, hata kama hana kipimo mfukoni.

Ugonjwa wa mlima

Hapana budi kueleza kwa nini kanuni hiyo ni ya lazima. Kwenye maziwa ya Hall hewa ni nyepesi, na kila pumzi humpa mtu kiasi cha sehemu tatu tu katika tano za hewa safi ambayo angeipata Mombasa. Mwili waweza kuzoea upungufu huo, lakini huzoea polepole. Mlima Kenya una hatari ya pekee kwa sababu uko karibu na barabara: mtu huweza kutoka mjini asubuhi akalala juu sana usiku wa pili. Kijana mwenye nguvu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa miguu yake humpeleka juu kabla damu yake haijawa tayari.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizi asipande tena. Na akae papo hapo mpaka zipone. Zikizidi, ashuke.

Dalili za hatari ni nyingine. Mgonjwa akikohoa na kuhema hata akiwa ameketi, na kifua chake kikilia kama maji yatokotayo, maji yameanza kuingia mapafuni. Akipepesuka kama mlevi, akanena maneno yasiyo na maana, au akashindwa kutembea katika mstari ulionyoka akiweka kisigino mbele ya vidole, ubongo wake umeanza kuvimba. Hapo asingojewe mpaka asubuhi. Na ashushwe mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane, wala asiachwe ashuke peke yake. Dawa zipo, na daktari aweza kuzitoa kabla ya safari, lakini hakuna dawa ipitayo kushuka. Mara nyingi mita mia chache tu za kushuka hurudisha uhai wa mtu.

Liko jambo moja liwashindalo wengi, nalo ni haya. Mgonjwa huficha maumivu yake asionekane dhaifu mbele ya wenziwe. Au kiongozi huficha ya kwake asipoteze ujira. Kwa hiyo kila jioni mkubwa wa safari na amwulize kila mtu, mchukuzi kwa mgeni: je, kichwa chauma? Je, umekula? Na ajibuye kweli asichekwe. Mwaka 1943 mateka watatu wa Kitaliano walitoroka kambini Nanyuki kwa ajili ya kupanda mlima huu tu, wakiwa na vifaa walivyojitengenezea wenyewe. Mmoja wao, Vincenzo Barsotti, aliugua, akabaki chini penye hema. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto wakaenda juu, wakafika Lenana. Kisha wote watatu wakarudi wakiwa hai, wakajitia tena mikononi mwa walinzi wao. Watu hao walithubutu mengi yasiyofaa kuigwa, na mlimani walikaa na njaa. Lakini katika hilo la kumwacha mgonjwa asipande walitenda sawasawa.

Mzigo na chakula

Shanta lisizidi robo ya uzito wa mtu: mwenye kilo 64 asichukue zaidi ya kilo 16. Kilicho lazima ni hema lisilovuja, mfuko wa kulalia wenye joto, godoro jembamba la kuzuia baridi ya ardhi, koti la mvua, sweta za sufu, soksi kavu za kulalia, kofia, glavu, kurunzi, ramani, na viatu vigumu vilivyokwisha kuzoewa na mguu. Nguo za pamba zikilowa huwa adui, maana hazikauki, nazo hunyonya joto la mwili. Mtu aliyelowa akianza kutetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka na kusema kwa kukokota ulimi, baridi imemwingia ndani. Na avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, na alazwe katikati ya wenziwe.

Huko juu mchana jua huwa kali hata ngozi nyeusi ikaungua, na usiku maji hugandia ndani ya kibuyu. Mimea ya huko yafundisha jinsi ya kuvaa. Uko mmea mkubwa wenye shina nene uitwao senesio, ambao haudondoshi majani yake makavu, bali huyavaa shinani kama koti. Iko na lobelia, ambayo usiku huyakunja majani yake ya ndani ili kukilinda chipukizi kisife kwa baridi. Mwenye akili huiga: huvaa nguo nyingi nyepesi, moja juu ya nyingine, huzivua jua litokapo, na huzirudisha mwilini kabla hajaanza kuona baridi.

Katika chakula, asiyejua hubeba maharagwe mabichi na kuni za kuyapika. Lakini mahali pa mita 4,200 maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, yaani kwa digrii 86 hivi badala ya 100, na maharagwe yaweza kukaa jikoni jioni nzima yasiive. Vyakula vifaavyo ni unga wa uji, mchele mwepesi, chapati zilizopikwa nyumbani, omena, karanga, sukari na chai. Mtu ale ijapokuwa hana hamu, na anywe maji mara kwa mara. Mwendo na uanze alfajiri, maana mara nyingi mbingu huwa wazi asubuhi, na mawingu hupanda kabla ya adhuhuri. Miezi iliyo mizuri ni Januari na Februari, tena Julai hadi Septemba. Wakati wa masika na wa vuli njia hujaa matope, na juu huanguka theluji.

Kisima cha watu walio chini

Maziwa haya yapendeza, lakini kazi yake si kupendeza tu. Mlima Kenya ni chanzo kikubwa cha Mto Tana, na pia cha Ewaso Ng'iro ya Kaskazini. Tana huendesha mitambo ya umeme katika mabwawa kama Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huenda hadi Bahari ya Hindi, ikinywesha watu na mifugo njia nzima.

Barafu ya mlima inakwisha. Mackinder alipokuja mwaka 1899 palihesabiwa mito ya barafu 18, na mingi ya hiyo imekwisha kutoweka. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote, ilipoteza kiasi cha sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Watu husema kwamba barafu ikiisha mito nayo itakauka. Hilo si sawa kabisa. Sehemu kubwa ya maji ya mito hutokana na mvua inayoshikwa na misitu, na nyika za juu zenye udongo wa majimaji unaonyonya kama sifongo na kuachilia polepole. Kwa hiyo huzuni ya barafu isimfanye mtu akate tamaa, bali imzidishie kuulinda msitu na nyika, ambavyo mkono wa mwanadamu waweza kuvihifadhi au kuviangamiza.

Na moto ndio adui wa karibu. Mwezi Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima huu. Mwenye kulala maziwani asiwashe moto wa kuni, wala asitupe kichungi cha sigara; apikie jiko la gesi au la mafuta. Asifue wala asioge kwa sabuni ndani ya ziwa. Achote maji, aende nayo mbali. Haja kubwa ifanyike hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, katika shimo lililofukiwa. Karatasi, makopo, na mifuko irudi chini katika shanta lile lile lililoipeleka, kwa sababu penye baridi vitu havioze upesi, na takataka ya leo itakutwa na wajukuu.

Mtu ahesabu kwamba anapochota maji katika Ziwa Michaelson amesimama kwenye mdomo wa kisima ambacho mama fulani wa Tharaka, asiyemjua, atachota kesho. Hakuna mwenye adabu atiaye uchafu katika kisima cha jirani yake.

Neno la mwisho

Wengi wafikao maziwa ya Hall hutamani kwenda mbele hadi Lenana, kilele cha tatu, chenye mita 4,985, ambacho mtembezi aweza kukifikia bila kamba hali ya hewa ikiwa nzuri. Ni juu ya mlima huu Kisoi Munyao alikoisimika bendera ya Kenya mwezi Desemba 1963, taifa lilipopata uhuru. Ni jambo jema kutamani, na mwenye afya na aende. Lakini asiyeweza asione kwamba amerudi mikono mitupu. Aliyelala usiku tatu penye maziwa, akaona nyota zikionekana ndani ya maji, akamrudisha kila mwenzake nyumbani mzima, na kuyaacha maji yakiwa safi kama alivyoyakuta, huyo amekwisha kuupanda mlima.

Wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka. Maneno hayo husemwa kwa kumwonya mwenye kiburi. Mlimani yana maana nyingine, iliyo rahisi zaidi, nayo ni kwamba safari haijaisha mpaka mtu wa mwisho ameshuka, mchukuzi na mgeni, na majina yote yaliyoandikwa langoni yamefutwa kwa kuwa wenyewe wamerudi.